Bango Jeupe la Lugoda

Lori lenye bango jeupe lilifika kituo cha ukaguzi cha Lugoda saa nne na robo asubuhi, na Sigrada Chavala hakuwa na sababu yoyote ya kulisimamisha.

Muda mfupi kabla yake lilikuwa limepita tangi la petroli lenye bango jekundu. Lile la petroli halijamaliza hata kona ya kwanza ya mteremko, nguzo za barabarani zikaanza kuwaka nyekundu, moja baada ya nyingine, hadi chini kabisa mjini. Kengele za shule ya msingi zililia na kusikika mpaka huku juu. Kwa mbali Sigrada aliona mageti ya daraja yakijifunga, pikipiki zikigeuza, watu wakiingia ndani na kuvuta madirisha. Dakika ishirini na mbili baadaye petroli ilikuwa imeshapita, nguzo zikazimika, mji ukafunguka. Hakuna mtu aliyekuwa ametoa amri. Bango lilikuwa limeongea na nguzo, nguzo zikaongea na mageti, basi.

Bango jeupe lilikuwa halina la kusema. Jeupe maana yake maziwa, unga, maji, mbolea ya kawaida. Lori lenye bango jeupe lilipita Lugoda kama mtu anayepita sebuleni kwake.

Lakini jicho la Sigrada liliangukia kamera ya nyuma ya lori hilo, ile inayomsaidia dereva kurudi kinyumenyume. Kioo chake kilikuwa kimefifia. Alidhani ni vumbi. Akatoa kitambaa mfukoni, akakisugua, na ule ukungu haukutoka. Ulikuwa ndani ya kioo chenyewe, kana kwamba mtu amekipiga msasa.

Alinyoosha mkono wa kumzuia dereva.

Dereva alishuka. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri kwa mtu aliyelala barabarani siku mbili. Kitambulisho chake kilimtaja Lugano Mwaisaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za safari?"

"Salama tu. Kuna tatizo?"

"Hii kamera yako ina muda gani?"

"Mpya. Wameibadilisha bandarini Jumanne, ile ya zamani ilikuwa haioni kabisa." Lugano aliisogelea, akaikodolea macho. "Hata hii nayo imeanza. Vitu vya siku hizi hovyo."

"Umebeba nini?"

Aliangalia bango lake kwanza, ndipo akajibu. "Maji ya chumvi. Ya kusafishia mawe huko migodini."

Sigrada alizunguka lori taratibu. Chini ya tangi, nyuma, palikuwa na vali, na kwenye shingo ya vali palikuwa na unyevu. Tone moja lilijikusanya, likanenepa, likaanguka kwenye lami. Pale lilipoangukia palikuwa na doa lenye weupe pembeni. Aliporudi mbele alimkuta Lugano ameshika kikombe cha chai kwa viganja viwili, vidole vimenyooka hewani, kama mtu anayeogopa kuvigusisha popote.

"Vidole vimefanya nini?"

"Si kitu, mama."

"Nionyeshe."

Alisita, halafu akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono wa kulia. Ncha za kidole cha shahada na cha kati zilikuwa nyeupe, ngumu kidogo, kama zimelowekwa kwenye maji usiku kucha. Hakukuwa na lengelenge wala jeraha.

"Jana mchana nilikaza ile vali, ilikuwa inavuja. Sikusikia chochote. Jioni ndiyo maumivu yakaanza, na yako ndani, mama. Ngozi haina kitu, lakini mfupa kama unachemka. Nimekunywa vidonge vya maumivu wala havisaidii."

Sigrada aliushika ule mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kuna kitu kimoja tu alichokuwa akikijua ambacho hula kioo na kupita kwenye ngozi bila kuiumiza, kikaenda kutafuta mfupa. Alifundishwa habari zake miaka ishirini na sita iliyopita, akiwa mkaguzi mpya, enzi ambazo mabango yalikuwa bado ni vipande vya bati vyenye namba, na mkaguzi alitakiwa kuzijua namba hizo kichwani.

Aliinua macho akalitazama lile bango. Lilikuwa jeupe, safi, limetulia.

"Egesha pale pembeni, mbali na wenzako," alisema. "Halafu ukanawe kwenye bomba, maji mengi, usiache hadi nirudi."

*

Mabango hai yaliletwa ili watu wasidanganyane tena. Zamani msafirishaji alibandika bango analotaka, na wengine hawakubandika kabisa. Hili jipya halikubandikwa na mtu. Lilikuwa utando mwembamba ulioshonwa kwenye tangi tangu kiwandani, wenye nyuzi laini kuliko unywele zilizopenya hadi ndani, zikiuonja mzigo kila sekunde. Mzigo ukiwa unawaka, utando uligeuka mwekundu wenyewe. Ukiwa sumu, ulichora fuvu. Tangi likioshwa, bango lilirudi jeupe. Dereva hakuweza kulizima, tajiri wake hakuweza kulihonga.

Kwa sababu hiyo watu waliacha kujifunza. Watoto wa Lugoda walijua nguzo ikiwa nyekundu wanaingia ndani, ikizimika wanatoka. Namba za zamani hakuna aliyezikumbuka isipokuwa watu wachache wa umri wa Sigrada, pamoja na nguzo zenyewe, ambazo zilifundishwa kila kitu na hazikusahaulishwa chochote.

Kulikuwa pia na sheria iliyokataza mkaguzi kuweka bango kwa mkono wake. Sigrada aliijua vizuri. Ilitungwa kwa sababu yake.

*

Mkuu wa kituo, Faustini Ndelwa, alikuwa ofisini na skrini yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani anapozungumza, na kwa miaka tisa waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumpandishia Sigrada sauti.

"Mkuu, kuna lori nimelisimamisha. Bango lake linasema uongo."

Ndelwa alivua miwani. "Umeshamwambia nani?"

Sigrada alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. Alitegemea aulizwe lori gani, umejuaje, una hakika. Hili halikuwemo.

"Sijamwambia mtu," alisema, akimwangalia vizuri.

"Vizuri. Basi liachie lile tangi la Mwaisaka literemke. Limeshachelewa."

"Sijakutajia jina la dereva, mkuu."

Nje honi ililia mara moja. Ndelwa aliiweka miwani juu ya meza, akaipanga vizuri kana kwamba itapigwa picha.

"Funga mlango, Sigrada."

Aliufunga, lakini hakukaa.

"Ni asidi ya haidrofloriki," Ndelwa alisema. "Inakwenda kwenye kiwanda kinachotengeneza vioo vya kukamata umeme wa jua. Bango halijaharibika. Limepumzishwa. Kuanzia bandarini hadi mpakani, kwa mizigo ya aina nne, mabango yanapumzishwa njia nzima. Ni mwezi wa saba sasa."

"Nani kayapumzisha?"

"Juu. Sijui juu wapi. Na usinitazame hivyo, sikiliza kwanza." Alivuta karatasi kwenye droo. "Katika miaka mitano, kwenye barabara hii yote, watu waliokufa kwa mizigo kuvuja ni sita. Waliokufa kwa sababu mji ulijifunga, mgonjwa amekwama, wazima moto wamekwama, watu wamekanyagana kwenye geti, ni arobaini na tatu. Arobaini na tatu waliuawa na mabango yanayosema kweli. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Sigrada aliisoma ile karatasi.

"Mwanangu anasoma pale chini," Ndelwa aliendelea kwa sauti ileile. "Lile lori linapita ukuta kwa ukuta na darasa lake. Unadhani sijafikiria? Nimefikiria sana. Na ninakuomba ulifikirie, maana katika watu wote wa kituo hiki, wewe ndiye unayejua geti likifungwa kinatokea nini."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Miaka sita iliyopita Sigrada alinusa harufu kali kwenye tangi lililokuwa na bango la kawaida, akashuku, akachora fuvu kwa rangi kwa mkono wake. Nguzo zikalisoma, mji ukajifunga kwa saa nne. Ndani ya tangi mlikuwa na molasi iliyochacha. Kwenye geti la daraja, ndani ya gari la wagonjwa, Restuta Nyaulingo mwenye umri wa miaka ishirini na tisa alikufa na mtoto wake tumboni, hospitali ikiwa inaonekana ng'ambo ya mto.

"Vali inavuja," Sigrada alisema hatimaye. "Jana ilikazwa, leo inavuja tena. Mteremko ni kilomita sita za kona. Ikifunguka kule chini?"

"Ni matone. Wameniambia inavumilika."

"Nani amekwambia? Umeenda kuiona?"

Ndelwa alivaa miwani.

"Na dereva? Anajua amebeba nini?"

"Akijua atakataa. Wakikataa wote, vitapita wapi?"

"Mkono wake unaoza, mkuu. Amekunywa vidonge vya kichwa kwa sababu bango limemwambia ni chumvi."

Aliona lile neno likimgusa. Ndelwa aliangalia pembeni, dirishani, na kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu aliyelazwa chini ya mzigo. Halafu akasema, "Nakupa dakika kumi uliachie," na Sigrada hakuweza kujua kama alikuwa anamwamuru au anamsihi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika arobaini.

*

Lugano alikuwa bado bombani. Sigrada alipitia sanduku lake la chakula, akatoa vidonge vya kalsiamu alivyoandikiwa na daktari kwa ajili ya magoti, akavisaga kwa kitako cha kikombe na kuvichanganya na jeli kutoka kwenye kasha la huduma ya kwanza. Akavaa glavu nene. Alipaka ule uji mweupe kwenye vidole vya Lugano, akavifunga ndani ya glavu nyingine ili usikauke.

"Si maji ya chumvi," alisema. "Ni asidi. Inatafuta mifupa. Hii dawa itaizubaisha kidogo, lakini lazima uende hospitali."

Lugano alimtazama, akalitazama bango, akamtazama tena.

"Nani amekutuma, mama?"

"Hajanituma mtu."

"Mwezi uliopita kuna mtu alisimamishwa hivihivi kule nyuma. Mkaguzi akamwambia mzigo wako mbaya, kimbia, akakimbia. Kumbe ni kampuni inawapima madereva. Leo hana kazi." Alirudi nyuma hatua moja. "Hilo bango sijawahi kuliona likikosea. Wewe ndiyo nakuona leo."

Hakuwa na la kumlaumu. Angekuwa yeye, naye angeshuku. Sigrada alikwenda kwa mama anayeuza chai, akaomba glasi tupu, akainama nyuma ya lori na kuikinga chini ya vali mpaka matone sita yakakusanyika. Alisubiri. Kisha akaimwaga glasi kwenye chombo cha mchanga, akaisuuza kwa maji ya ndoo na kumwinulia Lugano juani. Kitako cha glasi kilikuwa kimepofuka.

"Chukua kitambaa, futa."

Lugano alifuta kwa mkono wa kushoto. Akafuta tena kwa nguvu. Mara ya tatu aliacha, akaiweka glasi chini.

"Nimelala na hiki kitu siku mbili," alisema. "Nimekula chakula nimeegemea tangi."

"Panda bodaboda uteremke hospitali sasa hivi. Sema haidrofloriki. Nitakuandikia kwenye karatasi."

"Na gari?"

"Gari haliendi popote."

Alikuwa hajamaliza kusema hayo, injini ya lori ikawaka.

Ndani ya kibanda cha dereva hapakuwa na mtu; malori haya yaliweza kuamriwa kutoka mbali yajiendeshe. Taa za mbele ziliwaka, usukani ukajizungusha wenyewe nusu duara, na magurudumu yakaanza kusogea kwa upole kuelekea njia ya kutokea. Sigrada aligeuka kulitazama dirisha la ofisi. Ndelwa alikuwa amesimama pale, mikono yake yote miwili inaonekana, ameiinua kifuani kama anayesema si mimi. Huenda hakuwa yeye. Hadi leo Sigrada hajui.

Alikimbilia mbele ya lori akasimama, na lori likapunguza mwendo, likatafuta upenyo wa kumpita kando, kama lilivyofundishwa. Lugano ndiye aliyejua la kufanya. Aliruka kati ya kichwa na tela, akashika mpira mwekundu wa upepo kwa mkono mzima, akauvuta. Haukutoka. Akaongeza ule mkono mbovu, akapiga ukelele wa maumivu, na mpira ukachomoka. Upepo ulitoka kwa mlio mrefu, breki zikauma zote kwa pamoja, na lori likasimama limekatisha njia ya kutokea.

Madereva wengine walianza kushuka kwenye magari yao kuja kuangalia. Walikuwa kama arobaini, ukihesabu na wauza chai.

*

Sasa Sigrada alikuwa na rangi mkononi. Aliitoa kwenye stoo ya alama za barabarani, kopo la rangi ya machungwa na kopo dogo jeusi. Lori lilikuwa limesimama, likivuja, na kila siku kuanzia mchana upepo wa Lugoda huteremka bondeni. Mji ulikuwa na haki ya kujua. Brashi ya rangi, dakika mbili, nguzo zingesoma, watu wangeingia ndani.

Alipiga simu hospitali kwanza. Alipokea muuguzi wa zamu, Eveta Kikoti.

"Sista, una mgonjwa yeyote barabarani anayekuja kwenu?"

"Yupo, dada. Mama mjamzito, wametoka naye Ilamba. Anatokwa damu nyingi. Tunategemea wavuke daraja saa tano na nusu hivi. Kwani vipi?"

Sigrada alisema atampigia tena, akaitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Mtu anaweza kuishi miaka sita akiamini kwamba likimrudia, atajua la kufanya. Sigrada alikuwa ameliwaza jambo hili akipika, akifua, akiwa kanisani. Katika mawazo yake yote kulikuwa na jibu moja lililo sahihi, na kosa lake lilikuwa kutoliona. Sasa alikuwa amesimama na kopo la rangi, na kila alipogeukia kulikuwa na mtu. Akichora, mama wa Ilamba angekwama getini. Asipochora, na vali ikafunguka, kulikuwa na darasa ukuta kwa ukuta na barabara, na masoko, na watu wasiojua wanachotakiwa kukikimbia. Akiupigia mji simu, wangekimbilia daraja palepale, na gari la wagonjwa lisingepata pa kupita.

Aliwaita madereva wote na wauza chai. Hakupanda juu ya kitu, alisimama tu katikati yao.

"Lile tangi lina asidi," alisema. "Bango lake ni la uongo. Mvuke wake ukikuingia unaunguza mapafu, ukikudondokea unakula mfupa. Upepo bado unatoka bondeni, kwa hiyo ng'ambo ya barabara, upande wa bonde, ndiko unakotoka upepo. Nendeni mkakae kule. Asiyetaka, aondoke kabisa kwa kurudi alikotoka. Bango la kweli nitaliweka, lakini si sasa. Kuna mgonjwa anavuka daraja. Nikiliweka sasa atafungiwa."

"Mpaka lini?" aliuliza dereva mmoja mwanamke, Wende Kyando, aliyekuwa na lori la tano kwenye foleni.

"Nusu saa. Labda zaidi."

Walitazamana. Wawili waligeuza magari madogo wakaondoka. Waliobaki walivuka barabara. Mzee mmoja kati yao alirudi na koleo, akaanza kumwaga mchanga chini ya vali kwa mbali, bila kuombwa, mpaka Sigrada alipomvuta shati arudi nyuma.

Lugano alikuwa ameshapanda bodaboda. Sigrada alimpa karatasi.

"Ukifika darajani, nisubirie pale ng'ambo. Ukiiona ambulensi imevuka, nipigie. Na chini huko usimwambie mtu yeyote chochote hadi ivuke. Tafadhali."

Lugano aliupakata mkono wake kifuani. Uso wake ulikuwa umekauka kwa maumivu.

"Kwa hiyo na wewe unaficha," alisema.

Hakukuwa na ukali ndani yake. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa, kisha bodaboda ikaondoka.

*

Dakika zile Sigrada alizikaa peke yake, mita hamsini kutoka kwenye lori, upande upepo unakotoka, akitazama vali. Alihesabu matone. Mwanzo yalikuwa yanakuja kila baada ya sekunde kumi na mbili. Saa tano na robo yalikuwa kila sekunde tisa. Akatazama mjini. Mabati yaling'aa, na uwanja wa shule ulikuwa umejaa watoto waliovaa samawati wakiwa mapumzikoni. Aliwaangalia wakikimbizana. Hakuna aliyewauliza kama wako tayari kumsubiri mama wa Ilamba. Wangeulizwa, na wazazi wao wangeulizwa, pengine wangekubali. Hakuwauliza.

Saa tano na dakika ishirini na tano upepo ulikufa kabisa. Bendera ya kituo ililala kwenye mlingoti. Sigrada alisimama. Kopo la rangi alikuwa ameshalifungua. Saa tano na nusu ilifika, ikapita. Bendera ilijitikisa, ikanyooka kidogo, na safari hii ilielekea bondeni. Aliwapungia madereva wahamie upande wa juu.

Alianza kutembea kuelekea lorini. Alikuwa amevaa barakoa na glavu, na brashi ilikuwa imeshalowa rangi. Alijiambia, dakika moja. Ilipokwisha alijiambia, moja nyingine. Matone yalikuwa kila sekunde sita. Aliweka brashi kwenye ubavu wa tangi, hakuivuta.

Simu ilitetemeka mfukoni saa tano na dakika thelathini na saba.

"Imevuka," alisema Lugano. "Nimeiona kwa macho yangu."

Sigrada alichora. Alipaka mstatili wa rangi ya machungwa juu ya lile bango jeupe, akalifunika lote, na kwa rangi nyeusi akaandika namba mbili, moja juu ya nyingine. Themanini na sita juu: nane, inaunguza, sita, ni sumu. Chini yake 1790, namba ya asidi yenyewe. Mkono haukusahau. Alipoivuta sifuri ya mwisho, nguzo iliyokuwa karibu naye iliwaka, na ile ya pili, na ya tatu, zikateremka kona kwa kona, na kengele za shule zikaanza kulia. Aliwaona watoto wa samawati wakikusanyika, wakaingia madarasani kwa mistari. Uwanja ukabaki mtupu.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

*

Kikosi cha kemikali kilifika saa nane kasoro robo, na tangi tupu la kuhamishia ile asidi. Walipofungua kifuniko cha vali, nati ya shingo ilibaki mkononi mwa fundi. Alimwonyesha Sigrada tu, akaiweka kwenye mfuko.

Mji ulifunguliwa saa kumi na moja. Mama wa Ilamba alijifungua kwa kisu, wote wawili wazima. Mzee mmoja mwenye pumu, aliyekuwa amefungiwa upande usio wake wa daraja bila dawa zake, alifikishwa hospitali akiwa hajitambui, na Eveta aliposimulia kwenye simu alisema, "Tutajua kesho." Vidole vya Lugano viliokolewa, ukiacha ncha ya kile cha kati.

Jioni Ndelwa alimwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na fomu ya tukio, na Sigrada alikuwa ameshaijaza. Kulikuwa na mistari miwili iliyokuwa inamsumbua mkuu wake. Wa kwanza uliuliza saa ambayo mkaguzi alijua bango si kweli. Sigrada alikuwa ameandika saa nne na dakika arobaini. Wa pili uliuliza saa ambayo hatari ilitangazwa. Saa tano na dakika arobaini.

"Saa nzima," Ndelwa alisema. "Unaelewa watafanya nini na hii saa? Ulijua, ukanyamaza saa nzima. Watasema wewe ndiye uliyelipumzisha bango. Badilisha ule wa kwanza. Andika saa tano na nusu, ulikuwa bado unachunguza. Nitatia sahihi."

"Na ile miezi saba nayo itaandikwa wapi?"

"Sijui." Alionekana amezeeka tangu asubuhi. "Sigrada, mimi sitaki ufungwe. Ulichofanya leo ndicho tunachofanya. Umepima watu na watu. Umeona sasa si uovu."

Alilifikiria hilo, maana lilistahili kufikiriwa. Alikumbuka uwanja wa watoto, na jinsi alivyoiambia nafsi yake dakika moja, halafu moja nyingine. Hakuweza kusema kwa uhakika yeye na watu wa juu wametofautiana wapi. Mvuke ungeshuka ile dakika ya bendera kulala, angekuwa ameua kwa hesabu zilezile.

"Huenda umesema kweli," alijibu. "Ndiyo maana nataka isomeke."

Aliigeuza fomu, akasaini jina lake lote chini, Sigrada Osmundi Chavala, na chini ya jina akaongeza mstari ambao fomu haikuuuliza: *Dereva hakuwa ameambiwa. Mkuu wa kituo alijua. Mimi nilijua kwa saa moja.* Kisha akaivua beji ya ukaguzi na kuiweka juu ya karatasi ili isipeperuke.

Nje jua lilikuwa linaelekea kwenye milima. Njia ya kutokea ilikuwa imesafishwa, geti la kituo liko wazi, na nguzo zote hadi mjini zilikuwa zimezimika. Malori kumi na manne yalikuwa yamepangwa kwenye foleni tangu asubuhi, na kila moja lilikuwa na bango jeupe. Injini hazikuwa zinanguruma. Madereva walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara, kila mmoja mbali na gari lake, wakimngojea.

Wende Kyando alisimama, akajikung'uta vumbi.

"Mama," alisema, "mimi wameniambia nimebeba chokaa. Njoo uniangalizie."